Tisini na Moja Mbele ya Madhabahu

Hilo jina la Profesa liacheni. Nawasikia pale Dagoretti Corner asubuhi, mmeketi na mikoba yenu ya vifaa mkingoja kazi, mkiambiana, "Cheki Profesa wa tiles. Huyo mzee anaingia kwa room, anazungusha macho tu, anakuambia zinaingia ngapi." Ni kweli, niliweza. Na kwa miaka mingi nilitembea na jina hilo kifua mbele. Siku hizi nikiitwa hivyo naangalia viatu vyangu. Nitawaeleza sababu, lakini mniache niende kwa mwendo wangu, maana kilichostaafu ni magoti, si mdomo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Odhiambo, Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyetaka maswali kabla ya chai. Nilikuwa nimetoka kwetu Ukambani na cheti cha shule mfukoni, najiona msomi, naye akanipa kazi ya kulowesha vigae. Wiki nzima nalowesha vigae! Nikamwuliza, "Mzee, kwani hivi ni vigae ama ni maharagwe?" Hakucheka. Alichukua kigae kikavu cha udongo, akakibandika kwenye simiti mbichi, akaniambia niende nikale. Niliporudi alikisukuma kwa kidole kimoja kikatoka chote, na simiti iliyobaki chini ilikuwa imekauka kama unga, kwa sababu kigae kilikuwa kimekunywa maji yake.

"Umeona?" akasema. "Kiko na kiu. Usipokinywesha wewe, kitakunywa kazi yako."

Mpaka leo naona vijana wanabandika vigae vya udongo vikiwa vikavu, halafu sakafu ikianza kucheza wanalaumu mwenye duka la simiti. Na mkishabandika, tumieni masikio. Gonga kila kigae kwa mpini wa mwiko. Kikilia kizito, kimekaa. Kikilia kama debe, kuna hewa chini yake, king'oe saa hiyo hiyo kabla mwenye nyumba hajaweka kabati juu. Najua mna mashine za kupiga mstari mwekundu ukutani, na simu ambayo ukikipiga chumba picha nayo inakupa hesabu yote. Sizikatai. Ningekuwa na unyenyekevu wa kuiuliza simu, nisingekuwa na hadithi hii ya kuwasimulia. Lakini simu haigongi sakafu.

Sasa vigae vya pembe sita. Hivyo ndivyo vilivyonimaliza, kwa hivyo nivieleze vizuri. Kigae cha pembe nne ni kipole, ukikiegemeza ukutani kinatulia. Cha pembe sita hakielewani na ukuta hata kidogo. Ukianzia ukutani lazima ukikate, na ukishakata kimoja umejiandikia kukata mstari mzima. Nilijifunza hilo kule Karen, mtaa wa wenye pesa, katika nyumba ya mama mmoja aliyekuwa na mbwa wengi kuliko viti. Odhiambo alikuwa ameniachia veranda peke yangu kwa mara ya kwanza, nami kwa kiburi changu nikaanzia ukutani. Nilipofika kwenye ngazi nilikuwa nabandika vipande vya ukubwa wa ukucha. Yule mama akatoka na kikombe chake cha kahawa, akaangalia chini muda mrefu.

"Fundi," akasema, "hii ni floor ama ni kitu ilianguka ikavunjika?"

Mbwa nao wakaja kunusa. Odhiambo alinifanya ning'oe veranda yote. Kisha akapiga nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe, akachora alama kwa chaki pale zilipokutana, akaniambia, "Hapa. Weka kimoja, halafu kizungushe. Hizi hazianzi kwa ukuta, zinaanza katikati zinakua." Nilielewa kwa mikono, na mikono haijawahi kusahau. Kichwa ndicho kilichosahau, tena mbele ya watu.

Jina la Profesa nililipatia mjini, kwenye jumba moja upande wa River Road, tukiwa mafundi wengi ghorofa moja. Tulikuwa tukipiga dau la nani atanunua chai: vigae hivi vikipangwa mistari sawa, vitaisha au kuna vitakavyobaki? Mimi nilikuwa nashinda kila mara. Siri yangu ilikuwa ndogo ya aibu. Namba ikiishia sifuri, mbili, nne, sita au nane, inagawanyika kwa mbili. Ukijumlisha tarakimu zake ukapata kitu kinachogawanyika kwa tatu, basi nayo inagawanyika kwa tatu. Ikiishia sifuri au tano, kwa tano. Ikikataa zote hizo nilikuwa naiita namba kichwa ngumu, naiweka kando. Saba sikuwa naijaribu. Saba haina njia ya mkato nyepesi, na mimi nilizipenda njia za mkato. Vyumba vingi vilinisamehe, ndiyo maana nilifika uzeeni nikidhani najua hesabu.

Kanisa letu liko mtaa wa Satellite. Lilianza la mabati, likapanda kuta za mawe, na baada ya miaka ya kuvumilia vumbi tukaamua kutengeneza sakafu. Nilikuwa nimeshastaafu, nyundo ya mpira nimeining'iniza kwenye msumari, lakini kazi ya kanisa lako huwezi kuikataa. Wazee waliamua pale mbele ya madhabahu, mahali watu wanaposimama kuombewa, kufungishwa ndoa na kubarikiwa watoto, pawekwe vigae vyekundu vya pembe sita. Na wakaweka desturi: kila nyumba italeta kigae kimoja. Kimoja tu. Uwe unakuja kanisani na gari au unakuja na miguu, kimoja. Nyuma yake unaandika jina la nyumba yako kwa rangi, na hakuna kigae kitakachokatwa, kwa sababu hakuna nyumba inayokatwa. Niliisikia desturi hiyo ikitangazwa nikasema amina pamoja na wengine.

Jumapili moja baada ya ibada, Mzee Wafula, aliyekuwa mwenyekiti wa ujenzi, aliwazuia watu wasitoke. Vigae vilikuwa vimepangwa ukutani.

"Fundi," akaniita mbele, "nyumba zote zimeleta. Zimefika tisini na moja. Sisi tunataka kitu imekamilika. Hakuna kukata, na hakuna kigae kubaki nje. Inawezekana?"

Jameni, nilisimama kama waziri. Nikainua macho juu, nikaacha midomo itembee ili watu waone kichwa kinafanya kazi. Tisini na moja inaishia moja, kwa hivyo mbili imekataa. Tisa na moja ni kumi, kwa hivyo tatu imekataa. Tano haimo. Nikageuka.

"Wazee na kina mama," nikasema kwa sauti ya mwalimu, "hii namba ni kichwa ngumu. Haigawanyiki na kitu chochote. Ukiipanga mistari sawa, kuna kimoja kitabaki kinashangaa. Lakini tisini! Tisini ndiyo namba ya fundi. Mistari tisa, kila mstari kumi, kazi imeisha."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ama mniletee nyumba zingine, ama mmoja atoke."

"Nyumba zingine hakuna," akasema Mzee Wafula. "Zote zimeleta."

Sauti ikatoka viti vya nyuma. "Fundi, uko na hakika?"

Alikuwa Mama Jairo. Huyu ni mama wa kutoka Vihiga, mjane, anayefua nguo katika nyumba za Karen. Mumewe, Zakayo, ndiye aliyechimba msingi wa kanisa hilo pamoja na vijana wengine kabla hajafariki, na jina lililoandikwa nyuma ya kigae chake lilikuwa la Zakayo. Aliniuliza kwa adabu kabisa, swali la maana kabisa. Na mimi nikamjibu hivi: "Mama, mimi huwa sikuulizi kama uko na hakika na sabuni."

Watu wakacheka. Hata pasta alicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, nikafurahia jinsi nilivyolirusha hilo dongo.

Kicheko kilipoisha, macho yetu sote yalikuwa bado yamebaki kwake. Halafu Mama Jairo akasimama, akarekebisha leso yake begani. "Basi yangu itoke," akasema.

"Mungu akubariki, mama," akasema Mzee Wafula upesi. "Huo ndio moyo." Na watu wakapiga makofi. Alikuja mbele, akaanza kugeuza vigae kimoja kimoja akitafuta jina la mumewe, na mimi nikamsaidia kutafuta. Mnanisikia? Nilimsaidia. Nikakiona mimi, nikampa kwa mikono miwili kwa heshima, naye akakifunga kwenye leso akaenda zake.

Wiki hiyo nikaanza kazi. Sheria ni kwamba unapanga kavu kwanza, bila simiti, upate kuona kosa likiwa bado linasameheka. Nikapanga mistari yangu tisa, kumi kumi. Nikarudi nyuma hadi mlangoni kuangalia. Wueh! Kitu kilikuwa kimelala upande, kimetoka meno kila mahali, meno ya juu hayafanani na ya kando. Mtu angedhani nimekula nusu nikaacha. Nilijaribu kukisogeza, nikajaribu mistari kumi ya tisa tisa, ikawa vilevile. Hapo mikono ikachoka kunisikiliza. Ikaokota vigae vyote, ikapiga nyuzi mbili, ikachora alama ya chaki zilipokutana, ikaweka kimoja katikati.

Kizungushe, alisema Odhiambo. Kimoja kinazungukwa na sita, haswa, bila nafasi ya kidole. Duru ya pili ikala kumi na viwili. Ya tatu, kumi na vinane. Kila duru inaongeza sita kwa ile iliyopita, kwa sababu kila pembe ya umbo inadai kimoja chake. Ya nne, ishirini na vinne. Niliacha kufikiri kabisa, nikawa nafurahia tu. Umbo lilikuwa likikua mbele yangu, ua kubwa la pande sita sawasawa, kila upande na meno yaleyale, zuri kuliko sakafu yoyote niliyowahi kutengeneza Karen. Nikaanza duru ya tano. Nikazunguka, nikazunguka, nikafika pembe ya mwisho, nikanyoosha mkono nyuma kuchukua kigae, mkono ukagusa sakafu.

Havikuwepo tena. Nilikuwa nimeweka vyote tisini, na umbo lilikuwa kamili, isipokuwa pembe moja. Pale palitakiwa kigae kimoja. Kimoja tu.

Nilihesabu upya kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Moja, na sita, na kumi na mbili, na kumi na nane, na ishirini na nne, na thelathini. Tisini na moja. Ile namba niliyosema haifai ndiyo pekee iliyofaa. Wanasema aibu inahitaji watu, lakini kanisa lilikuwa tupu na uso wangu ulikuwa unawaka moto. Niliketi kwenye ngazi ya madhabahu, nikaliangalia lile pengo, na sikuweza kujidanganya kwamba lilikuwa pengo la kigae fulani tu. Lilikuwa la Zakayo, na mimi ndiye niliyelitoboa.

Niliondoka kwa miguu. Pale Dagoretti Corner kuna mama anayeuza machungwa, huyapanga mnara mezani, chini mraba, juu chungwa moja. Siku zote nilikuwa napita tu. Siku hiyo nikasimama nikaanza kuyahesabu. Chini sita kwa sita, thelathini na sita. Juu yake tano kwa tano. Nne kwa nne. Tatu kwa tatu. Mbili kwa mbili, halafu lile moja la juu.

"Mzee, unanunua ama unanihesabia?" akaniuliza.

"Mama, haya machungwa ni tisini na moja."

"Sawa. Na wewe unataka mangapi?"

Nilinunua mawili nikaenda nayo nyumbani bila hamu ya kuyala. Nikachukua chaki, nikaanza kuandika kwenye sakafu yangu mwenyewe. Nikajaribu ile saba niliyokuwa nikiikwepa maisha yangu yote. Saba mara kumi ni sabini. Inabaki ishirini na moja. Saba mara tatu. Loo! Saba mara kumi na tatu ni tisini na moja, imetoka bila mabaki. Namba niliyoitangazia kanisa zima kwamba haigawanyiki na kitu chochote inagawanyika kwa saba, na inagawanyika kwa kumi na tatu. Siku tisini na moja ni wiki kumi na tatu kamili, robo ya mwaka, na robo nne hizo zikiisha inabaki siku moja tu inayoning'inia mwishoni mwa mwaka. Nikajaribu pembetatu: kimoja juu, viwili chini yake, vitatu, vinne, nikateremka hivyo hivyo. Nilipofika mstari wa kumi na tatu jumla ilikuwa tisini na moja.

Hebu fikirieni. Inajenga mstatili, inajenga pembetatu, inajenga mnara wa machungwa, inajenga ua la pembe sita. Hamsini na tano nayo inaweza pembetatu na mnara, lakini ua inashindwa. Na tisini, ile niliyoiita namba ya fundi, haiwezi hata kimoja cha hivyo vitatu. Kila mlango niliobisha, tisini na moja ilifungua. Siku nyingine ningecheza kwa furaha kukutana na namba ya namna hiyo. Lakini kila umbo nililolichora lilikuwa linaniuliza kitu kilekile: kwa nini hukunijaribu kabla ya kumtoa yule mama?

Msiniulize kama nilifikiria kununua kigae kingine dukani. Nilifikiria. Nilifika hadi mlangoni mwa duka nikageuka, kwa sababu kigae kisicho na nyumba pale katikati ya nyumba za watu kingekuwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Jumamosi, vile tisini vikiwa vimeshabandikwa, nikaenda kwa Mama Jairo. Alikuwa akipiga pasi.

"Karibu, fundi. Kaa hapo kwa kitanda, kiti iko na nguo za watu."

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikijikata kata, nikimwonyesha kwa vidole vile duru inavyoongeza sita. Alisikiliza bila kuacha kupiga pasi. Nikamaliza kwa kusema, "Kwa hivyo mama, nipe hicho kigae leo. Nina ufunguo wa kanisa. Nitakibandika jioni hii, na kesho watu watakuta kazi imekamilika. Hakuna mtu atajua."

Akaweka pasi wima. "Hakuna mtu atajua nini?"

Nikaanza kuzihesabu nguo zilizokuwa kwenye kiti.

"Fundi, mimi nilitoka mbele ya watu. Walinipigia makofi. Sasa unataka nirudi kama mwizi, kanisa ikiwa imefungwa?" Hakupandisha sauti. "Jina ya bwanangu nilibeba kwa leso mpaka hapa, watoto wakaniuliza, mama, kwani baba amefukuzwa? Niwaambie nini? Na hiyo maneno yako ya sabuni, ulisema kwa watu. Pia hiyo utarudisha kwa watu. Ukishamaliza, mimi nitakuja na kigae yangu mwenyewe."

"Nitaaibika, mama," nikasema. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Mzee mzima, kwenye kitanda cha mjane, nikalilia heshima yangu.

"Ndiyo," akasema, akachukua pasi yake.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nilivaa suti ambayo huwa naivaa kwenye mazishi. Baada ya mahubiri niliomba ruhusa. Watu waliona umbo pale mbele na pengo lake, na wengi walidhani nasimama kuomba makofi ya kazi. Nikawaambia, "Mnaona hilo pengo? Mimi niliwaambia tisini na moja haigawanyiki. Nilidanganya, kwa sababu nilisema kitu nisichokijua kwa sauti ya mtu anayejua." Nikachukua chaki, nikapiga magoti mbele ya kanisa zima, nikawaonyesha kimoja cha katikati, na sita, na kumi na mbili. Mwanzoni baadhi walicheka. Nilipofika duru ya mwisho, nikaweka kidole kwenye pengo, hakuna aliyecheka.

"Fundi, inatosha," akasema Mzee Wafula kwa upole. "Kukosea ni kwa binadamu. Tumeelewa."

"Haijatosha, mzee," nikasema. "Kuna mama aliniuliza kama nina hakika. Lilikuwa swali la busara kuliko kila kitu nilichosema siku hiyo, nami nikamrudishia mzaha wa kazi yake. Mama Jairo, kazi yako ni safi. Yangu ndiyo ilikuwa na uchafu. Nisamehe."

Alitoka viti vya nyuma, na leso yake mikononi, watoto wake wawili nyuma yake. Nilikuwa nimeandaa simiti kidogo na beseni la maji. Akakifungua kigae, akakigeuza akawaonyesha wanawe lile jina, kisha akanipa. Nikakilowesha, nikapaka simiti pale kwenye pembe, na badala ya kukiweka mimi nikamrudishia. Akapiga magoti kando yangu akakiteremsha. Kiliingia bila kusukumwa. Akakikandamiza kwa viganja vyote viwili, viganja vya mtu wa kufua, na kanisa likalipuka kwa wimbo na vigelegele. Mzee Wafula alikuwa akifuta macho. Nami, nitakuwa mkweli kwenu, nikaanza kujisikia vizuri. Nikadhani yameisha.

Kelele zikiwa bado juu, Mama Jairo akainama karibu na sikio langu. Tulikuwa bado tumepiga magoti.

"Hesabu nimeelewa sasa," akasema. "Lakini kuna kitu moja sijaelewa, fundi. Ile siku ulisema mmoja atoke, tulikuwa nyumba tisini na moja. Mbona nyinyi wote mliniangalia mimi?"

Jibu nilikuwa nalo. Mimi ndiye niliyemwangalia kwanza.